Sahani ya Alama Nyekundu

Siku mliponiaga, wauguzi wenzangu, mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani. Kitenge nimeshakishona. Keki tuliimaliza palepale. Saa bado sijaielewa: mtu mmemwachilia asiwahi tena kazini, saa ni ya nini? Lakini mlinipa pia kazi, na hiyo ndiyo ninayoifanya sasa hapa mezani kwangu, nyumbani Muhumba. Mlitaka niandike jinsi tulivyowatunza wagonjwa wa saratani ya mapafu, wale waliokuwa wakikonda mbele ya macho yetu, zamani nchi hii ilipoitwa Zaïre na sisi tulipokuwa karibu mikono mitupu. Nitaandika, ila msitegemee habari za vyeo.

Nilianza mwaka uleule nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaïre. Walinipeleka kwenye jengo la wagonjwa wa kifua, lililokuwa na pande mbili. Nyuma walilala wenye kifua kikuu, mbele walilala wote waliokohoa kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza nilifika na kofia nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Muuguzi mkuu, Papa Lwaboshi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitazama kofia, akazunguka akaitazama kwa nyuma.

"Citoyenne Vumilia, hiyo kofia iko muzuri sana. Uiweke mu kabati, ukuye tuoshe bagonjwa ku kinywa."

Citoyenne, yaani raia, ndivyo tulivyoitana siku zile. Nilikasirika kimoyomoyo. Sikusoma miaka yote ile ili nije kuosha vinywa vya watu. Lakini tuliosha, kitanda kwa kitanda, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na kitambaa laini kilichozungushwa kwenye kidole. Kwa mara ya kwanza nikaona ulimi wenye vidonda na utando mweupe, na ufizi unaotoa damu ukiguswa tu. Papa Lwaboshi akaniuliza kama mimi, na kinywa cha namna ile, ningekula bukari, huo ugali wetu. Tangu siku hiyo sikumlaumu tena mgonjwa aliyekataa chakula kabla sijamfungua kinywa nikaona. Kofia ilibaki kabatini mpaka panya wakaipatia kazi.

Hospitali yetu haikuwa na jiko. Kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumpikia na kulala naye, yule tuliyemwita garde-malade, na nyuma ya jengo walipanga mafiga yao kwenye mstari mmoja mrefu. Kila asubuhi moshi ulipanda, na kutoka pale uliona ziwa lote chini. Wamama waliazimana chumvi, walisemana, walicheka vibaya, mmoja akilia wote walinyamaza wakamwachia nafasi karibu na moto. Ninapatamani pale. Nimefanya kazi miaka mingi katika majengo yenye vigae, na hakuna hata moja ninaloliota usiku isipokuwa lile la moshi.

Kosa la hao garde-malade lilikuwa la mapenzi. Mgonjwa akikonda, walimwongezea. Walimletea mlima wa bukari, na bakuli la maharage limejaa mpaka ukingo, kisha wakasimama juu yake wakimwangalia. Mgonjwa mwenye pumzi fupi akiuona ule mlima, anashiba kwa macho. Papa Lwaboshi alikuwa akipita na kijiko kidogo cha chai mfukoni. Anauondoa ule mlima bila maneno, anaweka sehemu ndogo kama ngumi ya mtoto, na kumwambia mgonjwa kwamba akimaliza hiyo amemaliza kazi ya saa hizi. Baada ya saa mbili, tatu, anarudi tena. Kile kijiko kilikuwa chombo chake. Kingine kilikuwa mkaba wa mgonjwa, mshipi wa suruali yake. Mizani tulikuwa nayo, ya chuma, nzito, na Jumatatu asubuhi kila mtu alipanda juu yake, lakini yeye hakuiamini sana. Alihesabu matundu ya mkaba. Alitazama pete ya ndoa kama imeanza kuzunguka kidoleni, au kama mke ameizungushia uzi isianguke.

Papa Bisimwa aliletwa miaka kadhaa baadaye, wakati nilipokuwa nimeshajiona mjuzi. Huo ni umri wa hatari kwa muuguzi. Alikuwa mtu wa Walungu, fundi seremala aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Mwenga mpaka kifua kilipomkataza. Alikuwa amevuta sigara tangu ujana; aliniambia mwenyewe kabla sijamuuliza, kama mtu anayetaja kijiji chake. Amekonda, anakohoa, makohozi yana damu. Zamani hizo mtu wa namna hiyo hatukumfikiria mara mbili. Tulimpeleka nyuma, upande wa kifua kikuu.

Upande ule ulikuwa na desturi yake. Kila mgonjwa alipewa sahani moja ya bati nyeupe, na kwenye ukingo tuliipaka rangi nyekundu isije ikachanganyika na nyingine. Hakuna aliyeruhusiwa kula humo ila mwenyewe. Leo mnajua kwamba kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, si kwa sahani. Hata wakati ule vitabu vilikuwa vimeshasema, ila desturi ya jengo letu haikuwa na mazoea ya kusoma. Sahani ya Papa Bisimwa niliipaka mimi, kwa mkono wangu, kisha nikamwita mke wake, Maman Nabintu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini.

"Maman, hii sahani ni yake peke. Usikule mule, ata tonge moja. Umesikia?"

"Nimesikia, maman."

Alimtazama mume wake, akaitazama sahani, akaipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kwamba nimepata garde-malade mtiifu.

Makohozi yalipimwa mara tatu, na mara tatu hayakuonyesha kifua kikuu. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe upande wa kulia, na shingoni palikuwa na tezi ngumu. Daktari alikata kipande cha tezi kikapelekwa Kinshasa. Jibu lilikawia sana njiani, na lilipofika lilisema tulichokuwa tumeshakiona. Lakini daktari hakungoja jibu hilo kumtoa nyuma. Aliniambia nimhamishe upande wa mbele, na nilimhamisha siku hiyohiyo. Nilibeba blanketi lake, kikombe chake, na sahani yake. Nilijiona mwangalifu, kwa sababu sikusahau kitu.

Kule mbele Papa Bisimwa alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila daktari alipopita: arudi nyumbani Walungu. Siku moja daktari, kwa kutaka kumtuliza, akamwambia kwamba akiongeza kilo tatu atakuwa na nguvu za safari. Nadhani alilisahau neno hilo kabla ya kufika kitanda cha pili. Papa Bisimwa hakulisahau. Kuanzia hapo kilo tatu zikawa ndiyo tiketi yake.

Nami nikaingia vitani. Niliwafundisha wamama wa mafiga uji wa mahindi, mtama na soya, ndani yake karanga zilizosagwa, kijiko cha mawese na sukari. Ndagala, wale dagaa wa Uvira, nilizikausha, nikazitwanga ziwe unga, nikazinyunyizia kwenye maharage yaliyopondwa. Yai liliingia kwenye uji ukiwa motoni, kwa kukoroga haraka. Yote haya kwa kikombe kidogo, mara sita kwa siku, naye ameketi wima, mgongo kwenye blanketi lililokunjwa, akipumzika kati ya kijiko na kijiko. Dawa ya maumivu kwanza, chakula baadaye. Papai kila siku, kwa maana dawa ile inafunga tumbo, na mwenye tumbo lililofungwa hawezi kula. Akichukizwa na harufu, chakula kipoe kwanza. Yaandikeni hayo, bado yanafaa.

Hata hivyo alikula vijiko vitatu, vinne, akasema ameshiba. Nililaumu mawese, nikayabadilisha. Nililaumu chumvi. Kila siku mke wake aliiweka sahani juu ya magoti yake, akasogea hadi ukutani, akala chakula chake mwenyewe ameugeuzia ukuta uso. Nilimwona kila siku. Nilidhani ni adabu tu.

Mizani, hata hivyo, ilinipa moyo. Jumatatu moja alishuka kidogo, iliyofuata akasimama palepale, iliyofuata akapanda. Nilitembea kama mtu aliyegundua dawa. Jambo moja tu lilinisumbua, nalo nililiona dogo: Jumatatu asubuhi chumba kile kilikuwa kimya. Siku nyingine zote redio zilipiga muziki mpaka niombe zipunguzwe, lakini Jumatatu hakuna hata moja iliyofungua mdomo. Nikadhani ni heshima kwa mizani.

Nilimweleza Papa Lwaboshi kuhusu kilo zangu. Hakunipongeza.

"Balance inasema vile. Lakini mukaba inasema ingine. Ile wiki ingine alikuwa ku tundu ya tatu. Leo ametoboa mupya na musumari."

Jumatatu iliyofuata nilimwomba Papa Bisimwa avue koti kabla ya kupanda. Alisema anasikia baridi. Nilimwambia ni dakika moja tu. Alilishika koti kwa mikono miwili, mimi nikalivuta, na betri kubwa za redio zikaanguka moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya saruji, zikabingirika chini ya vitanda. Chumba kizima kilitazama dari.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni mapile, maman. Ya radio."

"Radio yako iko wapi?"

"Iko ku Walungu."

"Sasa mapile ya radio inafanya nini mu mufuko?"

"Inanisaidia ku kilo," akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akaongeza: "Si yangu yote. Hii ya chini ya kitanda ni ya ule muzee wa ku dirisha."

Mzee wa dirishani akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi siku hiyo. Walikuwa wamemwazima wote. Ningecheka, kama Papa Bisimwa hangekuwa anapapasa kitanda akitafuta pa kushika. Nilimketisha kitandani, nikamwambia kwamba kilo za uongo zinaweza kunifanya nimpe matunzo yasiyofaa. Nilimuuliza Walungu kuna nini kisichoweza kungoja.

"Maman, mi najua hii ugonjwa haitaniacha. Docteur alituelezea. Mi sitafuti kupona. Nataka tu kukula na maman ya batoto." Alipumzika, akavuta pumzi. "Wakati tulioana, kule Mwenga, tulikuwa na sahani moja tu. Batu bakatucheka: angalia, mwanaume anakula pamoja na muke! Tukapata zingine, lakini tukakuwa tumesha zoea. Miaka makumi tatu na kitu. Sasa nikiona sahani peke, njala inatoroka. Kule ku nyumba hakuna rangi nyekundu. Nikifikisha kilo, niende, nikule na yeye. Njo ile tu."

"Lakini Papa, hapa nani alikukataza kula naye?"

Alinitazama kwa mshangao, bila ubaya wowote.

"Njo wewe, maman. Wewe njo ulitukataza."

Sahani ilikuwa pale kwenye kijimeza, na alama yangu nyekundu ukingoni. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu tujue kwamba hana kifua kikuu. Sababu ya lile katazo ilikuwa imekufa, na mimi niliyeleta katazo sikukumbuka kulizika pamoja nayo. Daktari alidhani nimewaambia. Papa Lwaboshi alidhani nimewaambia. Mimi sikudhani lolote. Nilikuwa nakoroga uji. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na hata leo nikiandika yanawaka.

Papa Lwaboshi, aliyekuja aliposikia zile kelele, alikuwa ameinama akiokota betri. Alizirudisha kwa wenyewe, moja moja, kisha akaja karibu nami akasema polepole, ili wengine wasisikie:

"Wewe njo ulifunga. Wewe njo ufungue."

Nilikwenda nyuma kwenye mafiga. Maman Nabintu alikuwa anasonga bukari. Nilichuchumaa karibu naye, moshi ukaniingia machoni, na machozi yalipotoka sikuusingizia.

"Maman, naomba unisamehe. Papa hana ile ugonjwa ya kuambukiza. Munaweza kukula pamoja."

Mwiko ulisimama. "Tangu lini?"

"Tangu siku nilimuhamisha mbele."

Aliuchomoa mwiko, akaulaza juu ya kifuniko. Wamama wengine wakasogea, wakamwachia nafasi karibu na moto.

"Maman Vumilia," akasema, "kila siku nilikuwa nageuza uso ku ukuta, ju asinione nameza. Nilikuwa nasikia haya kukula mbele yake." Kisha akaipua chungu, akakung'uta majivu kwenye kitenge. "Lete ile sahani."

Maman Nabintu aliketi kitandani kwa mume wake, ubavu kwa ubavu, sahani katikati yao. Walinawa kwa maji ya birika moja. Yeye alikata tonge kwanza, akala, kisha akamsogezea mume wake samaki. Nilisimama mlangoni nikihesabu matonge, kama kawaida yangu. Nilipofika saba niliona haya kuhesabu, nikaacha.

"Punguza," Maman Nabintu akamwambia, "unanimalizia samaki."

Papa Bisimwa alicheka, kikohozi kikamkamata, akapumzika, akacheka tena. Mzee wa dirishani alirudisha betri zake kwenye redio.

Sasa hili lisomeni taratibu, ninyi mnaoanza. Kilo hazikurudi. Alikula vizuri zaidi, alilala vizuri zaidi, mdomo wake ulipata maneno, lakini mizani, bila betri, iliendelea kushuka. Saratani ile inautafuna mwili kutoka ndani hata kama unaulisha. Waambieni jamaa hivyo mapema, kwa upole, ili mke asijilaumu kwamba alipika vibaya, na mgonjwa asilazimishwe kumeza kwa machozi ili kuwafurahisha watu. Chakula chetu kilimsaidia kuishi siku zake. Hakikuwa na uwezo wa kuziongeza kama tulivyotaka, na nilimchukia Mungu kidogo kwa ajili hiyo, kisha tukapatana.

Nilikwenda kwa daktari, nikamweleza kuhusu betri na sahani, bila kujificha. Nikamwambia kwamba kilo tatu hazitakuja, na kwamba tukizingoja mtu huyu atafia kwetu akiwa anatazama barabara. Daktari alivua miwani, akauliza ni nani aliyemwekea sharti hilo la kilo. Nilimkumbusha. Alitia sahihi siku hiyohiyo. Walipanda gari la kuelekea Walungu wakiwa na dawa ya maumivu, mfuko wa unga wa uji, na sahani. Akiwa dirishani Papa Bisimwa aliniita.

"Maman Vumilia! Unisalimie balance."

Mvua za kwanza zilipoanza, Maman Nabintu alirudi, peke yake. Nilimwona kutoka dirishani akipanda kilima, kikapu kichwani, na kabla hajafika nilishajua. Alikuja moja kwa moja nyuma kwenye mafiga, akaketi kwenye benchi, akafungua kikapu. Ilikuwa sahani ile. Alikuwa ameisugua kwa mchanga mpaka rangi ikatoka, isipokuwa mstari mwembamba chini ya ukingo. Ndani yake palikuwa na bukari, maharage na mboga ya lengalenga, vimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Alikula na mimi mpaka karibu na mwisho," akasema. "Nyuma ya pale nikakuwa nakula mbele yake, ye ananiangalia tu. Alisema ata kuniangalia ni kukula. Akasema nikuletee sahani."

"Mimi? Mimi njo nilibakataza."

"Nilimuambia vile. Akasema: kweli alitukataza, lakini alikuya mwenyewe kutufungulia." Akanisogezea birika. "Nawa, tukule."

Sheria ya hospitali ilikataza muuguzi wa zamu kula na jamaa za wagonjwa. Papa Lwaboshi alipita akatuona, akageuka na kurudi alikotoka. Nilinawa. Tulikula polepole mpaka tukaona bati la chini.

Papa Lwaboshi naye amekwenda, siku nyingi. Maman Nabintu alikuwa akinitembelea, kisha akaacha, na nilijua maana yake. Mume wangu alitangulia, watoto wana miji yao. Hakuna siku inayopita bila kuwatamani, hata mzee wa dirishani ambaye jina lake limenitoka. Kijiko kidogo cha Papa Lwaboshi ninacho kwenye droo. Sahani ninayo juu ya meza hii, kando ya karatasi, na kwa kuwa ninakula peke yangu ninaelewa sasa, kwa tumbo langu mwenyewe, jinsi njaa inavyotoroka.

Kwa hiyo mkimpokea mgonjwa anayekonda, fungueni kinywa mwone vidonda, mpimeni, mtazame mkaba wake, na mumuulize nyumbani huwa anakula na nani. Saa yenu nimeitundika ukutani. Inaonyesha saa sita na nusu na maharage yameiva. Siku mkipita Muhumba wakati kama huu, msisimame barabarani kunisalimia, ingieni mnawe. Sahani ni moja, lakini ni pana.